Skana ya Asteria na Simu za Upepo za Obiero

Jumamosi, 24 Novemba 2012

Asteria wangu,

Obiero amenunua simu za upepo! Si mpya kabisa, zimetoka kwa kampuni ya walinzi iliyofunga biashara, lakini kwake ni mpya, na anatembea nazo kiunoni kama askari wa Ikulu. Nimemwona kupitia dirisha la jikoni akizunguka uani. Anajiita mwenyewe, anajijibu mwenyewe.

Nieleze kwanza kwa nini ninakuandikia, maana tangu Machi sijakuandikia kitu zaidi ya jina lako kwenye kadi ya maua. Ni hivi. Kamati ya sherehe imekutana. Sherehe yetu ya Desemba, ile ya Uhuru na Jamhuri kwa pamoja, ambayo Watanzania tunasema ni yetu, Wakenya wanasema ni yao, na Warundi wanakula kuliko sote. Itakuwa tarehe nane, ukumbi ule ule wa chini ya jengo letu, ubavuni mwa chumba cha kufulia. Mwenyekiti ni Obiero. Tena! Na mpishi wa pilau ni Médiatrice wa ghorofa ya pili.

Pilau yako, Asteria.

Sikualikwa kwenye kikao. Obiero alikuja mlangoni, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba wangependa kuazima ile sufuria kubwa ya mama Adelina, ndivyo anavyokuita sasa. Nikamwambia imekwenda Husby, mtaa wa mbali anakofanya kazi Adelina wetu. Sijui kwa nini nilisema Husby. Sufuria ilikuwa nyuma yangu juu ya kabati, inaonekana yote, mpaka masikio. Obiero akaitazama. Akanitazama mimi. Akasema basi ikirudi kutoka Husby nimjulishe.

Ninaujua mchezo huu. Leo wanachukua sufuria. Kesho wanachukua pilau. Baada ya miaka michache mtu atauliza nani alianzisha pilau ya mtaa wetu huu wa Hässelby, na watajibu Médiatrice, na hakuna atakayebisha. Mimi sitakubali ufutwe hivi hivi kama maandishi ya chaki.

Wao wana simu za upepo. Mimi nina skana, ile redio yetu ya kunasa mazungumzo ya watu hewani. Mwaka jana tulisikiliza simu zao za zamani pamoja, unakumbuka, wiki ile ya maandalizi, Obiero alipopotea kwenye maegesho na kuomba aelekezwe nyumbani kwake. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mwaka huu nitasikia kila neno na nitajua wanakupangia nini.


Jumapili, 25 Novemba

Nimetoka kanisani, sijavua hata koti, nikawasha skana. Ipo pale pale ulipoiweka, kati ya chumvi na majani ya chai. Tangu siku ile tuliyoinunua kwenye soko la mitumba la Skärholmen ulisikilizia humo watu wa boti za ziwa Mälaren wakiombana njia darajani. Ulisema Waswidi hawasalimiani popote isipokuwa majini.

Nikatafuta, nikatafuta, nikampata Obiero. Lakini sauti! Trrrrrr. Kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe na mtu analitikisa debe. Nikachungulia dirishani. Obiero yupo uani, mdomo unafunguka: debe linatikisika. Mdomo unafungwa: kimya. Ni yeye kabisa. Na hakuna neno hata moja.

Nimeongeza sauti. Nyuki wameongezeka.

Baadaye tumekutana kwenye lifti. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba hizi za sasa ni za dijitali. Akarudia polepole: dijitali, mzee. Akatabasamu mpaka ghorofa ya nne.

Anajua! Amezinunua kwa ajili yangu.


Jumanne, 27 Novemba

Tatizo ni antena. Mimi nimekuwa fundi wa mabasi maisha yangu yote, na ninajua kitu kisipofika unaongeza nguvu. Nimefunga waya wa shaba kwenye skana, nikaupitisha dirishani, ukazunguka ukingo wa balkoni, ukaishia kwenye ile taa yako ya nyota ya Majilio. Nyota yenyewe nimeivika foili ya jikoni ili inase vizuri. Sasa inang'aa kuliko nyota zote za mtaa.

Christina wa ghorofa ya kwanza, yule mama wa Kiswidi anayelinda ratiba ya chumba cha kufulia kama mpaka wa nchi, alisimama uani akaitazama kwa muda. Akasema ni nyota ya kipekee. Kwa Mswidi hiyo si sifa.

Matokeo: Obiero bado ni nyuki, ila sasa nyuki wakubwa. Lakini nimepata kitu kingine, safi kama kioo. Mtoto mchanga anakoroma! Ni kile kidude ambacho wazazi huweka kando ya kitanda ili wamsikie mtoto wakiwa chumba kingine. Nadhani ni wa jengo la pili. Nilikusudia kusikiliza kidogo tu, kwa ajili ya uchunguzi. Chai ikapoa. Mtoto akapiga chafya, nikasema "Afya!" peke yangu jikoni.

Kisha mama yake akaingia akaanza kumwimbia. Nikazima. Wimbo ule haukuwa wangu.


Jumatano, 28 Novemba

Nimempigia Adelina akiwa mapumzikoni kazini. Nilimwuliza kwa njia ya mzunguko: kwa mfano, kama mtu fulani ana skana, na mtu huyo anataka kusikia dijitali, afanyeje. Binti yako akauliza kwa Kiswidi kama hii inahusu Obiero.

Hata hivyo ametafuta kwenye kompyuta, akapata jukwaa la watu wenye ugonjwa huu huu. Wapo wengi! Ameniambia hivi. Simu ya dijitali haitumi sauti, inatuma tarakimu. Skana yetu ni ya zamani, haijui tarakimu, inazitoa hivyo hivyo kama kelele. Basi unafungua skana, unaunga waya mahali pale kabla sauti haijachujwa, unaupeleka waya kwenye laptopu, na laptopu inakuwa na programu ya kugeuza tarakimu kuwa maneno.

Amesema programu ni ya bure na ataniwekea kwenye laptopu yako ya zamani, kutokea huko huko aliko. Amenionya nisiunguze nyumba.

Nimekuwa fundi tangu hajazaliwa. Nyumba!


Ijumaa, 30 Novemba

Nyumba haikuungua. Nianzie hapo.

Nilitandika gazeti mezani, nikafungua skana. Ndani ni pazuri, Asteria, kama mji unaoonekana kutoka kwenye ndege. Kwenye kona nikakuta chembe ya iliki. Yako. Nimeiacha ilipo, haizuii umeme.

Nikapasha moto chuma cha kulehemu. Waya wa kwanza ulishika vizuri. Kwenye wa pili risasi iliyoyeyuka ikadondoka kwenye gazeti, gazeti likatoa moshi, king'ora cha moshi kikalia, nikakipepea na kitambaa chako cha meza, kikazidi kulia. Ghafla mlango unagongwa kama polisi. Obiero! Na mtungi wa kuzimia moto mkononi, na simu ya upepo kiunoni, anamwambia Médiatrice humo kwamba yupo eneo la tukio.

Nikafunika skana kwa kitambaa. Nikasema nilikuwa ninapiga pasi. Obiero akatazama meza yenye bisibisi, waya na laptopu. Akasema mzee, hiyo shati lazima ilikuwa na makunyanzi magumu sana.

Kabla ya kutoka akainua macho juu ya kabati, akauliza kama sufuria bado ipo Husby. Nikasema bado. Akasema nisalimie Husby.


Jumamosi, 1 Desemba

MANENO! Leo mchana nimesikia maneno!

Programu imefunguka, herufi nyeupe zinakimbia kwenye kioo cheusi kama treni isiyosimama. Kisha spika ikatoa mtu. Mtu kweli! Lakini mtu mwenye ugali mdomoni, aliyezama ndani ya pipa la maji, anayesoma gazeti kinyumenyume. Ndiye Obiero. Baadaye mwanamke, pipa lile lile, ndiye Médiatrice. Wlub wlub wlub. Kraaa. Wlub.

Nikaongeza sauti kwenye skana. Nikaongeza kwenye laptopu. Nikakuta kwenye laptopu mahali pa kuweka alama: kukuza maikrofoni, kuondoa kelele, kusafisha mwangwi. Nikaweka alama kote. Kitu cha bure unakataa cha nini? Sauti ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa hiyo nikaongeza tena.

Na hapo katikati ya wlub wlub, wazi kabisa, kama mtu amesimama mlangoni: "Asteria."

Kisha pipa tena.

Nimekaa. Ni Médiatrice aliyelitaja. Analitamka kwa Kirundi chake, anakawia kidogo kwenye herufi ya mwisho. Tangu Machi watu wakikutana nami wanasema "marehemu", au "mama Adelina", au wanainamisha macho tu. Sikuwa nimelisikia jina lenyewe kinywani mwa mtu mwingine.

Walikuwa wanasema nini juu yako? Lazima nijue. Sasa si mchezo tena.


Jumatatu, 3 Desemba

Adelina amekuja kutoka kazini Husby. Nimempikia ndizi. Amekula, amesifu, ameongeza chumvi.

Nikamwonyesha mitambo. Saa hiyo Obiero alikuwa anaongea, wlub wlub. Adelina akaweka mikono masikioni akasema, "Sänk, pappa." Punguza, baba. Nikamwambia mwanangu, mtu anapunguza sauti wakati hataki kusikia. Mimi nataka kusikia. Akasema kwenye jukwaa wameandika wazi: programu inataka sauti ndogo, tulivu. Ukiisukumia sauti kubwa inachanganyikiwa. Na zile alama za kusafisha na kukuza ndizo zinaiharibu, niziondoe zote. Akanyoosha mkono, "Sänk bara," punguza tu.

Mama yako alikuwa na neno hilo hilo, nikamwambia. Kila siku. Punguza, Wambura, jirani wamelala. Punguza, Wambura, mpira hausikii unachowaambia wachezaji. Masikio yangu yamekaa na mashine za upepo za gereji miaka mingi, yanajua yanachohitaji.

Akazima yeye mwenyewe. Kisha akauliza, kwa Kiswahili safari hii, polepole kama anavuka barabara yenye barafu: "Baba, unataka kusikia nini hasa?"

Nikasema pilau. Mambo ya pilau.

Alinikumbatia mlangoni kwa nguvu kuliko kawaida. Alipoondoka nikawasha tena, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaongeza kidogo.


Jumatano, 5 Desemba

Theluji ya ajabu. Mabasi yamesimama. Mtaa mzima umekuwa kama godoro. Watu wanasukuma magari yao na kuyaacha.

Obiero amekuja mara ya tatu kuhusu sufuria, na koleo la theluji mkononi, ndevu nyeupe. Sikuwa na muda wa kuzima. Nilichoweza ni kusukuma skana na laptopu ndani ya kabati la chini karibu na friji na kufunga mlango. Nikamkaribisha chai, maana hata adui akija na theluji kichwani unamkaribisha chai.

Ameketi. Ameanza kusema kwa heshima kubwa kwamba muda umekwisha, na kama sufuria bado ipo safarini, watatumia ile ya kanisani. Mara simu kiunoni mwake ikaita. Akaibonyeza, akajibu, "Nipo kwa mzee." Na kutoka kabatini, baada ya pumzi moja, Obiero wa pili akasema: wlub kwa wlub.

Obiero akaweka kikombe chini.

Akabonyeza tena, taratibu, macho kwenye kabati. "Jaribio. Jaribio." Kabati: wlaribio, wlaribio.

Nikasema ni friji. Imezeeka.

Obiero akanywa chai yake. Akasema, "Mzee, hiyo friji yako imetoka upande gani? Maana inaongea kama mtu wa Kisumu." Na akaendelea kunywa, mabega yanatikisika.

Alipoondoka nikawaza ile sufuria ya kanisani. Unaijua. Nyembamba kama kofia. Pilau ya humo haifanyi ukoko, inaungua tu. Nikafurahi! Waunguze! Watu watasema, enzi za Asteria haikuwa hivi. Nimefurahi mpaka jioni. Halafu nikaona sura yako ile unayofanya ukisikia harufu ya kitu kinaungua kwa jirani, unavyoinuka kitini hata kama si nyumba yako.

Furaha ikaisha.


Ijumaa, 7 Desemba

Nimeipeleka.

Niliiosha ingawa ilikuwa safi. Nikashuka nayo kwa ngazi, maana haiingii vizuri kwenye lifti na mtu mwingine, na mtu mwingine alikuwa Christina. Médiatrice akafungua mlango, akaipokea kwa mikono miwili kama wanavyopokea kwao. Nikasema imerudi kutoka Husby leo asubuhi. Akasema, "Ee baba, imefanya safari ngumu. Mabasi yote yamelala, yenyewe imefika, tena kavu."

Nikasema ilikuja kwa treni.

Akafunua ndani. Nilikuwa nimesahau kanga yako humo, ile ya kahawia uliyokuwa ukifunga kwenye mfuniko ili mvuke usitoroke. Nikanyoosha mkono niichukue. Yeye akawa amekwisha ikunja, akaiweka begani mwake, akanikaribisha chai. Nikakataa. Nikarudi juu. Sijui kama nimeibiwa au nimetoa.

Lakini usidhani nimeshindwa! Mpango wa kesho upo kamili. Kutoka hapa juu simu zao zinapita kwenye zege. Nitasikilizia karibu. Nimeweka kufuli yangu kwenye ubao wa chumba cha kufulia, ndivyo tunavyoshika zamu ya kufua hapa: Jumamosi, alasiri. Ukuta mmoja tu kutoka jiko la ukumbi, atakapopikia Médiatrice.


Jumamosi, 8 Desemba

Asteria, kaa chini kama huko mnakaa.

Nilivaa suti yangu ile moja. Nikashuka na kikapu cha nguo, ndani ya kikapu skana, laptopu na waya. Nguo sikuweka hata moja, kikapu kilikuwa kimejaa. Nikapanga mitambo juu ya mashine ya kukaushia. Antena nikaifunga kwenye bomba la maji, fikra iliyonijia pale pale. Bomba linapita jengo zima! Waya ulikuwa mrefu, mwisho wake ukachungulia chini ya mlango, sikujali.

Nikawasha. Wlub wlub. Ukumbini walikuwa wamekwisha anza, ninasikia viti na watoto wakibishana kwa Kiswidi. Harufu ya pilau ikapita chini ya mlango. Nikaongeza sauti. Kraaa. Nikaongeza mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia viatu kwenye ujia. Christina! Ninazijua hatua zake. Na mimi nimeshikilia zamu ya Jumamosi bila kufua hata soksi. Kuna watu wamehama mtaa huu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikavua koti la suti, nikalitupa kwenye mashine, nikafunga mlango, nikabonyeza. Mashine ikanywa maji. Na kwa mkono mwingine nikazungusha sauti ya skana chini, chini, karibu kuzima.

Christina akachungulia. Akatazama mashine inayozunguka, akatazama mitambo, akanitazama nikiwa na shati. Akasema kwamba sufu hairuhusiwi kufuliwa kwa nyuzi joto sitini. Akaenda zake.

Na spika ikasema, safi, kama mtu anaongea nawe mezani:

"Obiero, ukoko usiguswe."

"Nani ameugusa?"

"Wewe. Nakuona na kijiko."

"Naonja tu, Médiatrice. Mwenyekiti haonji?"

"Haonji. Ni wa mzee. Asteria aliniachia amri."

Nikashika ukingo wa mashine.

Hakuna nyuki. Hakuna pipa. Lazima Obiero alisahau kidole kwenye kitufe: nimesikia hata mwiko ukigonga sufuria. Médiatrice akamwambia Obiero kwamba mwaka jana, jikoni humo humo, ulikuwa umechoka, umekaa kwenye kiti, unaonyesha kwa kidole na yeye anakoroga. Kumbe pilau ya mwaka jana aliikoroga yeye! Nami niliisifu mbele ya watu wote! Ulimwambia mwakani mpishi ni wewe, Médiatrice, sitaki majadiliano. Na ukoko wa kwanza ni wa Wambura, kabla ya wageni. Ila usimwambie mapema, atakuja kukaa jikoni toka asubuhi na kuharibu kila kitu.

Hukuniambia, Asteria.

Nikasikia Obiero akiweka kijiko chini. Kisha akauliza mzee mwenyewe yupo wapi, watu wanasubiri.

"Chumba cha kufulia. Waya wake umetokeza chini ya mlango."

"Kwa hiyo anatusikia?"

"Leo labda. Mwache. We ongea vizuri tu."

Spika ikakohoa. Kisha kwa sauti ile anayotumia Obiero kusoma matangazo ya kamati: "Mzee Wambura. Mzee Wambura. Chakula tayari. Wanasema nisiguse ukoko, lakini mimi ni binadamu. Nimemaliza, nakusikiliza wewe."

Mimi sina mahali pa kubonyeza nikajibu. Skana inasikia tu. Kwa hiyo niligonga ukuta. Mara moja. Upande wa pili wakagonga pia, na nikasikia jiko zima linacheka.

Mashine haifunguki mpaka imalize, zinavyojifunga hizi. Nikaingia ukumbini na shati, Desemba, mbele ya watu wote. Médiatrice hakuuliza. Alifungua kanga yako kwenye mfuniko wa sufuria, yenye moto bado na harufu ya mdalasini, akanitupia mabegani. Obiero akasimama kuomba kabla ya kula, akakutaja. Si marehemu. Si mama Adelina. Akasema, "na Asteria, ambaye sufuria yake imetoka Husby kwa treni." Watu wakaitika amina huku wanacheka, na Adelina alicheka huku anafuta macho.

Ukoko ulikuwa mzuri. Chumvi imezidi kidogo. Niliomba mara ya pili, kwa uchunguzi.


Jumapili, 9 Desemba

Koti la suti limetoka mashineni, limenywea. Linamfaa mtoto wa jengo la pili, yule anayekoroma. Nimelitundika kwenye balkoni chini ya nyota.

Nimekaa tangu kifungua kinywa kutafakari ushindi wa jana. Kilichotengeneza sauti ni bomba. Ni wazi kabisa. Adelina amepiga simu, akasema kwa Kiswidi kwamba kilichotengeneza sauti ni kwamba kwa mara ya kwanza nilipunguza. Nilimwacha aseme. Ni mtoto mzuri lakini si fundi.

Jambo la pili. Wale jana walijua ninasikiliza. Watu wakijua unawasikiliza wanaongea vizuri, hilo halithibitishi kitu. Ninachotaka ni yale wanayosema wakidhani sisikii.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Kama ulimwachia Médiatrice amri ya ukoko, hukuishia hapo. Ninakujua. Ulikaa kwenye kile kiti jioni nzima na kidole chako. Ulisema mengine, juu yangu, juu ya Adelina, labda juu ya wimbo au juu ya maua, na yote yapo kichwani mwa yule mama ghorofa ya pili, na siku moja atamsimulia mtu kwa simu ya upepo. Nami nitakuwepo.

Adelina ameuliza kwa nini nisishuke tu ngazi nikamwulize. Nimwulize! Ili ajue kwamba nataka kujua?

Kwa hiyo nimenunua waya zaidi. Nimeufunga kwenye bomba la jikoni, bomba la bafuni na chuma cha kupasha joto sebuleni. Foili imeongezwa. Nimerudisha alama zote za kukuza na kusafisha. Na sauti nimezungusha mpaka mwisho, kisha nikabandika utepe wa gundi juu yake ili mtu asije akaipunguza.

Imewaka sasa hivi. Wlub wlub wlub. Kraaa.

Ni Obiero huyo. Amebadilisha kitu.

Sherehe ijayo ni ya Pasaka, ipo mbali, nina muda wa kutosha. Sufuria wameirudisha, imeoshwa vizuri, ipo juu ya kabati. Wakija kuiomba nitasema imekwenda Fittja. Kanga sijarudisha mahali pake. Ipo mabegani ninapoandika, maana dirisha halifungi kwa sababu ya waya.

Unikumbuke huko, Asteria, kama ninavyokukumbuka hapa. Na ukitaka kuniambia lolote, sema kwa nguvu. Huku kuna kelele kidogo.

Wako,
Wambura